Bwana Asifiwe, Mshahara Baadaye

Mpendwa wetu hakosi mkesha wa Ijumaa. Kibandiko nyuma ya gari lake kinatangaza kuwa limefunikwa kwa damu ya Yesu, na nadhani ndiyo sababu halisimami kwenye vivuko vya waenda kwa miguu. Foleni ya Barabara ya Morogoro ikikaza, huhamia njia ya mwendokasi huku kwaya ikirindima redioni.

Fungu la kumi hulitoa kwenye mshahara mzima, kabla ya makato. Hongera zake. Ila nyumbani kwake yuko dada wa kazi anayeamka saa kumi alfajiri. Anapika, anafua, anawafikisha watoto kwenye basi la shule, na mshahara wa mwezi juzi bado anauulizia. Hujibiwa kwamba waombe pamoja, Mungu afungue milango. Kumbe kilichofungwa ni pochi! Na ile asilimia 10 ya mwajiri kwa NSSF? Hiyo haitangazwi madhabahuni, haipigiwi vigelegele, basi haimhusu.

Waraka wa Yakobo una sura 5 tu. Katika ya mwisho, ujira waliozuiliwa wavunaji unapiga kelele, na kilio chao kimemfikia Bwana. Sura hiyohiyo inaagiza wagonjwa wapakwe mafuta. Ya mafuta mpendwa ameikariri. Chupa anayo kwenye gari.

Pesa ya simu hufika ndani ya dakika moja, mpendwa. Mtumie dada leo, na ya kutolea uweke.