Ritifaa ya Mhasibu

Mhasibu wetu ana jina lenye ng', na ole wako uliandike bila ritifaa. Nilipomfungulia barua pepe nikaiacha, alinijia juu: "Mwanangu, hilo si jina la baba yangu." Nikairudisha. Wiki haijaisha, fomu ya mtandaoni ya taasisi moja ikamgomea: "Anwani si sahihi." Bosi akanitazama mimi.

Nikaomba saa moja nilete ushahidi. Kanuni za barua pepe zimo katika nyaraka ziitwazo RFC, kila moja na namba yake, bure kwa yeyote mwenye bando. Nikaipata RFC 822. Ritifaa imo, ruksa kabisa kabla ya alama ya @! Nikakimbilia steshenari, nikachapisha kurasa karibu 50, nikaingia kikaoni kifua mbele.

Kijana wa fildi akachungulia ukurasa wa kwanza. "Kaka, hii ni ya Agosti 1982."

"Sheria nzuri haizeeki."

"Ilifutwa 2001 na namba 2822. Nayo hiyo ikafutwa 2008 na 5322."

Ikabaki sauti ya feni.

Nijitetee kidogo. RFC ikishatolewa, maudhui yake hayabadilishwi tena. Ikihitaji marekebisho huandikwa nyingine yenye namba yake, na hiyo mpya ndiyo hutangaza imeizika ipi. Faili la maandishi matupu nililopakua linajitapa pale juu kwamba limeifuta 733. Kifo chake lenyewe halina habari nacho, maana ni marehemu gani aliyewahi kujiandikia tanzia? Msiba umetangazwa kwenye ukurasa wa maelezo wa mhariri wa RFC, ambao sikuufungua kwa kubania bando. (Uongo. Nilikuwa na haraka ya kushinda.)

Jioni tukaisoma 5322, mimi na yule kijana. Ritifaa ingali imo. Kumbe kesi nilikuwa nayo, ila shahidi niliyemleta alishazikwa zamani.

Zile kurasa 50 bosi sasa anaandikia mahesabu ya chai, upande wa nyuma. Taasisi tuliiandikia kwa adabu, tukataja 5322, Oktoba 2008, nakala kwa mhasibu. Siku ya tatu wakanijibu kwamba hoja yetu imepokelewa na inafanyiwa kazi, ila tuwawie radhi: mwenzangu wameshindwa kumtumia nakala, anwani yake si sahihi.