Sifa za Hakimu wa Sebuleni

Kusifu kitu kinachodharauliwa ni fani ya kale. Katika karne ya 2 Lucian wa Samosata alimwandikia inzi sifa, akautukuza ujasiri wa mdudu huyo ambaye hufukuzwa na kurudi palepale, na mwaka 1511 Erasmus alichapisha kitabu ambamo Upumbavu wenyewe unapanda jukwaani na kujisifu mbele ya wasomi. Mtazamaji wa tamthilia asiyeweza kunyamaza, ambaye ni nadra kumkosa katika nyumba za Kinondoni na Temeke zenye king'amuzi, hajapata mtetezi wa aina hiyo, ingawa kwa ustahimilivu anamshinda inzi, kwa kuwa inzi akipungiwa kanga huondoka walau kwa muda.

Mtu huyo hapa ataitwa hakimu wa sebuleni, na ni vema maana yake ifahamike mapema. Hakimu wa sebuleni si kila anayetazama na kusema neno. Wanaoguna, wanaocheka na wanaovuta istighfari jini anapotokea dirishani ni watazamaji wa kawaida tu. Hakimu ni yule anayetoa uamuzi pamoja na sababu za uamuzi, tena kabla tukio halijaisha, na anayetaka uamuzi huo uheshimiwe na walioko sebuleni, walioko jikoni na hata wapangaji wa chumba cha pili, ambao katika nyumba nyingi za Tandale na Mbagala huupata wote bila kupungua neno, kwa sababu kuta za vyumba huishia chini ya paa na sauti hupita juu yake bila kulipa kodi. Kwa kawaida ni mjomba, baba mdogo au shangazi, yaani mtu ambaye aliye mdogo hawezi kumwambia anyamaze. Upinzani mkali kabisa unaoruhusiwa ni "Mjomba, hebu tusikie kidogo", ombi ambalo mhusika hulipokea kwa upole, hulitafakari kwa muda wa kumeza kashata, kisha hulitupilia mbali pamoja na gharama.

Nasaba yake ni ya heshima. Tanzania Bara ilikaa bila televisheni hadi mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwa hiyo Dar es Salaam ilianza kutazama ikiwa na maoni yaliyolimbikizwa kwa takribani miaka 20. Michezo ya kundi la Kaole iliyorushwa na ITV iliwakusanya majirani mbele ya runinga moja, ambapo mwenye runinga alikuwa pia mwenyekiti wa kikao. Nje ya sebule kulikuwa na vibanda umiza, yaani vyumba vya kuonyeshea filamu kwa kiingilio kidogo, vyenye mabenchi ya mbao na joto la kutosha, na humo ndimo ilimostawi kazi ya msimuliaji, ambaye aliisemea filamu ya kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji wenyewe. Bingwa wa kazi hiyo, Lufufu, na baada yake DJ Mark, hawakutafsiri tu. Walieleza, walitania na walimhukumu adui kabla steringi, yaani shujaa wa filamu, hajamfikia. Kizazi kilicholelewa na sauti hizo hakikupata kuona filamu ikiachwa ijisemee yenyewe, na ni dhuluma leo kumshangaa mjomba anayeendeleza kazi ileile bila malipo, wakati ambapo sauti ya tamthilia ya Kituruki Sultan imekwisha kuwekwa kwa Kiswahili fasaha na kila mtu anaielewa.

Kwa nini basi anachukiwa? Kwa sababu watu husikia sauti yake wala hawasikilizi hoja zake, na hoja hizo, zikipangwa pamoja, zinaonyesha mfumo mmoja ambao vitivo vya sheria bado havijaufundisha: hakimu wa sebuleni humpelekea jini sheria, na humpelekea wakili uganga. Tamthilia za majini na mizimu, ambazo wengine hutazama kwa woga, yeye huzitazama kama jalada la kesi. Na tamthilia za mahakamani, ambazo waandishi wake wamezijaza vifungu na mapingamizi, yeye huzitazama kwa kutafuta hirizi iliko.

Mfano wa upande wa kwanza ni Shumileta, filamu ya Mussa Banzi ya miaka ya mwanzo ya Bongo Movie, inayomhusu jini wa kike anayempenda binadamu. Mtazamaji wa kawaida hutetemeka jini anapobadilika sura. Mbele ya kisa cha namna hiyo hakimu huuliza mahari ilikuwa kiasi gani, walii alikuwa nani na mashahidi wawili walitoka upande gani, na akiambiwa kwamba hakukuwa na ndoa bali wapenzi walikaa pamoja tu, hujibu kwamba hilo halimtishi, maana kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinadhania kuwapo kwa ndoa pale mwanamume na mwanamke wanapokaa pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana na watu kuwa mume na mke, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kinachobaki kubishaniwa ni kama majirani walijua. Wanaomcheka wakumbuke kwamba swali hili lina wenyewe. Badr al-Din al-Shibli, kadhi wa karne ya 14, aliandika kitabu kizima kuhusu hukumu za majini, na ndoa baina yao na binadamu imo humo. Tena inasimuliwa kwamba Imam Malik alipoulizwa kuhusu jini aliyetaka kuoa binti wa watu, alisema haoni ubaya wa kidini katika jambo hilo, ila alichukia mwanamke aje akutwe na mimba, aulizwe mumewe ni nani, ajibu kwamba ni jini, na ufisadi ukaenea kwa njia hiyo. Sebule yoyote ya Tandika ingeitoa sababu hiyo bila kufungua kitabu, na kwa sauti kubwa zaidi.

Ukali wake katika ushahidi ni wa kupigiwa mfano. Katika tamthilia nyingi za mizimu marehemu humjia mjane ndotoni na kumtaja aliyemuua, na hadithi yote iliyobaki hujengwa juu ya ndoto hiyo. Hakimu wa sebuleni huikataa papo hapo. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inataka ushahidi wa mdomo utolewe na mtu aliyeona au kusikia mwenyewe, na mjane hakuona. Aliyeona ni mzimu, ambao hauwezi kuhojiwa na upande wa pili. Akikumbushwa kwamba sheria hiyohiyo huyapokea maneno ya marehemu aliyoyasema kuhusu chanzo cha kifo chake, hujibu bila kugeuza shingo kwamba maneno hayo hupokewa yakiwa yamesemwa kabla ya kufa, na huyu amechelewa. Ni vigumu kuona jinsi mwandishi wa tamthilia angejinasua hapo.

Popobawa naye hakusalimika. Mwaka 1995 hofu ya pepo huyo iliwafanya watu wengi wa Unguja na Pemba walale nje kwa makundi, na mwaka 2007 hofu hiyo ilifika Dar es Salaam. Filamu na simulizi zilizofuata zimempa mabawa na harufu, lakini katika kikao cha sebuleni swali hubaki kuwa kama alikamatwa, alifikishwa kituo gani na jalada liko wapi. Kwa waganga ndipo hakimu anapopanda juu zaidi, kwa kuwa Sheria ya Uchawi, iliyotungwa na wakoloni mwaka 1928 na ambayo ingali katika vitabu vya sheria vya Tanzania, haimtaki mwendesha mashtaka athibitishe kwamba uchawi unafanya kazi. Kujinadi kuwa na uwezo huo kunatosha kuwa kosa. Kwa msingi huo mganga wa tamthilia anayesimama pangoni na kutangaza kwamba amemfunga mtu kwa kufuli la bahari amekwisha kukiri, na sehemu 60 zilizosalia ni za kupunguziwa adhabu. Si hivyo tu. Mwaka 1951 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua rufaa kutoka Uganda ya mtu aliyemuua mganga wake mwenyewe, ambaye alimdai malipo makubwa ya dawa na ambaye dawa yake, kwa maelezo ya mshtakiwa, ilikuwa ikimjia kwa sauti na kumtishia. Majaji hawakukubali kwamba woga huo ulifika kuwa uchokozi kisheria. Sauti za dawa zilizotia watu hofu ziliingizwa katika kumbukumbu za mahakama na kupimwa kwa maneno makavu, na hicho ndicho hasa mjomba hufanya kila jioni akiwa na singilendi.

Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo, akiwekewa sizoni ya mawakili wa Marekani, yaani mfululizo wa vipindi vya kigeni ambao vijana huweka kwenye flashi, huacha sheria yote mlangoni. Mbele ya Suits au How to Get Away with Murder, wakili akishinda kesi kwa shahidi aliyetokea dakika ya mwisho, sebule hupiga makofi, naye hutikisa kichwa na kusema, "Huyo si bure, kaenda Sumbawanga," yaani kwa waganga. Wenye elimu huona hapo ujinga, wala hawana haki. Mkazi wa Temeke anajua kesi inavyokwenda. Anajua kwamba mshtakiwa wa mauaji akifikishwa Kisutu, kwenye Mahakama ya Hakimu Mkazi, huambiwa hatakiwi kujibu chochote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo, kisha wakili wa serikali husema upelelezi haujakamilika, kisha kesi huahirishwa, na maneno hayo hurudiwa tarehe baada ya tarehe mpaka mwandishi wa habari ayaandike akiwa amelala. Mtu aliyeyazoea hayo, akionyeshwa mauaji, upelelezi, mashahidi na hukumu ndani ya dakika 45, ana haki zote za kuhitimisha kwamba nguvu zisizo za kawaida zimetumika. Jini anayepita ukutani hamshangazi sana. Kinachomshangaza ni kesi isiyoahirishwa.

Lipo pia suala la wale watu 12 wa baraza la Kimarekani, ambao uamuzi wao kuhusu hatia humfunga jaji. Tanzania haikufuata njia hiyo. Kwa miaka mingi kesi za mauaji katika Mahakama Kuu zilisikilizwa kwa msaada wa wazee wa baraza, yaani raia wa kawaida walioketi pamoja na jaji na kutoa maoni yao mwishoni, maoni ambayo jaji aliyasikiliza na ambayo hayakumfunga hata kidogo. Mwenye macho atatambua kwamba cheo cha hakimu wa sebuleni kimetoka huko moja kwa moja, maana naye hukaa, husikiliza nusu, hutoa maoni kamili, na mwandishi wa tamthilia huendelea na jambo lake. Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya mahakama za ngazi zote, kisingizio cha mwisho cha kumnyamazisha kimeondoka. Zamani angeweza kuambiwa kwamba mambo ya Mahakama Kuu ni ya Kiingereza. Sasa anaweza kusema "pingamizi" kabla ya wakili, na mara nyingi husema.

Lawama mbili zinastahili kujibiwa, angalau kwa ufupi. Ya kwanza ni kwamba humchanganya mwigizaji na mhusika, hata mwigizaji wa tamthilia ya Huba au Jua Kali aliyecheza mke mwenye husuda akakutwa Kariakoo akinunua vitenge, atasomewa mashtaka hapohapo sokoni. Lawama hii ni ya kweli, na utetezi pekee ni kwamba hakuna tuzo ya uigizaji nchini iliyo ya dhati kiasi hicho. Ya pili ni kwamba husimulia mwisho kabla haujafika. Lakini mwisho wenyewe uko wapi? Tamthilia ya jioni ina mamia ya sehemu. Kifurushi cha king'amuzi huisha katikati ya mwezi. Umeme hukatika mtoto wa kambo akiwa ameshika kikombe cha sumu. Giza linapoingia wengine hutafuta mishumaa na kulaumu mita ya LUKU. Yeye huendelea kutoka pale pale picha ilipoishia, huwagawia wahusika maneno, huita mashahidi, hugawa mirathi kwa usahihi ambao ungewapendeza wahusika wengi wanaopanga foleni katika kituo jumuishi cha masuala ya familia pale Temeke, na umeme unaporudi hukuta mtoto wa kambo amekwisha kufungwa maisha. Kwamba kwenye kioo bado anatabasamu na kikombe chake ni uzembe wa mtunzi.

Rufaa dhidi ya hukumu hizi kwa kawaida hazipokelewi. Zinapokewa kutoka kwa mtu mmoja tu, naye ni bibi mwenye nyumba, ambaye hukaa mkekani na tasbihi yake, hutazama kila kipindi akiwa amefumba macho, na mjomba akisema muuaji ni dereva, husema, "Wewe mwanangu tangu mdogo hujui kitu, kaua mama mkwe," kisha huagiza waweke taarifa ya habari.