Boga Lina Kosa Gani?

Shangazi yangu wa Butiama aliposema wajomba wanakuja Jumapili, nilimpigia simu kutoka Bunda nikamwambia suala la mboga aniachie mimi. Nilikuwa nimeona picha: boga, bilinganya, karoti na hoho vimeokwa, vikanyunyiziwa jibini na korosho. Nikajiambia, kijiji kilichomzaa Mwalimu, aliyemsemesha Shakespeare Kiswahili katika Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, hakiwezi kushindwa na saladi.

Korosho nilizinunua stendi ya Bunda. Mpaka zifike kwetu zimeshavuka nchi nzima kutoka Kusini, na bei inakudai nauli yake yote. Garini nikaonja moja, nijue kama hazijavunda. Nilipoteremka Musoma nilikuwa na uhakika kamili na mfuko mtupu. Nikanunua karanga.

Jibini ndiyo iliyonitoa jasho. Duka la kwanza walinipa majarini. La pili waliniuliza kama ni ya kunywa au ya kupaka. Nikaishia kwa dada yangu wa Nyasho, na lita tatu za maziwa. Nikayachemsha, nikakamulia ndimu, yakakatika vizuri kabisa. Dada akasimama mlangoni kama aliyefumania mwizi.

"Maziwa yote hayo umeyaharibu kwa makusudi?"

Kwa watu tuliokulia kwenye ng'ombe, swali hilo halina jibu. Sasa nikahitaji kitambaa cha kuchujia, na kilichokuwa karibu ni kanga yake mpya, nyekundu, haijawahi kuona maji. Ikachuja kweli: maji yakaenda ndooni, rangi ikaenda kwenye jibini. Nikaikandamiza kwenye kopo la mstatili, juu nikaweka jiwe (Musoma mawe hayanunuliwi). Asubuhi nikatoa mche mmoja safi, laini, rangi ya waridi. Dada hakuniaga.

Kwa shangazi Butiama hakuna oveni, lakini nani asiyejua kuoka keki kwa sufuria? Nikapanga mboga, nikapalia makaa juu ya mfuniko. Shangazi akavuta kigoda.

"Hilo boga lina kosa gani?"

"Ninalioka, shangazi."

"Kinachochomwa ni hindi. Boga linachemshwa, linalala, asubuhi unanywea chai."

Tatizo la bilinganya ni kwamba ni jeusi tangu sokoni. Huwezi kujua limeiva saa ngapi na limeungua saa ngapi. Nilipofunua, majivu yakatangulia kuingia, ikawa kama chumvi nimezidisha.

Wajomba wakafika nikiwa napuliza majivu. Mtoto akatumwa apeleke birika na beseni wanawe mikono, naye, mtoto mwenye adabu, akaona mche pale dirishani akaupeleka pia. Nilitokea na sinia nikamkuta mjomba mkubwa anasugua mpaka viwiko.

"Sabuni za siku hizi hazitoi povu," alisema, akampokeza mdogo wake.

Nilitaka kusema. Nikamtazama shangazi, akatikisa kichwa taratibu, kisha akainuka akaleta ugali na sato aliowaficha jikoni tangu saa nne. Saladi ililiwa na kuku, nao waliacha bilinganya.

Jioni, wakati wa kuagana, mjomba mkubwa alinivuta pembeni. Mikono yake, alisema, haijawahi kulainika namna ile. Akataka kujua kile kipande kinauzwa duka gani Musoma, na kama wanacho cha kufulia.