Ndevu za Hilux

Shemeji yangu aliyehamia Dubai hana ubaya, ila huruma yake kwa gari langu imezidi kipimo. Ni Hilux ya 1982, imebeba viazi vya Kibumba mpaka chasisi imeanza kuinama. Safari hii alituma kikinga-upepo: kipande kirefu cha mpira mgumu kinachofungwa chini ya bampa ya mbele. Kwa simu alinipigia hesabu. Upepo unaoingia chini ya gari hugongana na ekseli, difu na ekzosi, ukalirudisha nyuma. Uzibe njia mbele, upite pembeni, mafuta yabaki kwenye tangi. Mwendo ukizidi mara mbili, ukinzani wa upepo unapanda mara nne.

Hesabu sahihi kabisa, ila inadai gari likimbie. Kwetu Ndosho, mtaa wa Goma, ukiingiza gia ya tatu, majirani wanatoka kuuliza nani anaumwa. Mji huu tunaishi juu ya mawe ya volkano. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, nasi tukajenga juu yake, kwa mawe yake. Mteremkoni, chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, inakupita na magunia ya kabichi, na mwenyewe anakupungia mkono.

Hata hivyo nilikipeleka kikinga-upepo kwa makanika wa Birere. Alikigeuzageuza, akauliza kama ni cha mbele au cha nyuma. Kilikuwa kimetengenezewa pikapu pana ya Kimarekani. Akakikata kwa msumeno wa chuma, akaanza kutoboa bampa, na umeme ukakatika drili ikiwa imo ndani. Ikanasa. Wapita njia wakatupa pole. Mwishowe tukaazima jenereta ya kinyozi wa jirani, na mteja wake, kichwa kimenyolewa nusu, akaja kusimama nasi mikono kiunoni kuhakikisha hatuicheleweshi.

“Papa, gari imeota ndevu!” mtoto mmoja akapiga kelele tulipomaliza.

Ndevu zenyewe hazikukinga upepo wowote, zilizoa. Kila jiwe lililochomoza lilizikunja, kila dimbwi likazijaza. Kufika njia panda nilikuwa nasukuma kokoto, maganda ya ndizi na ndala moja ya mguu wa kushoto, mwenye ndala akinifuata kwa kurukaruka huku akinitaja kwa majina ambayo mama yangu hakunipa. Hapo boliti za upande mmoja zikaachia.

Aliyeniokoa ni fundi wa chukudu. Aliuminya mpira kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kwa heshima, akatoa dola kadhaa bila hata kubishana. Chukudu haina breki ila kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, ambacho dereva anakikanyaga mteremko ukizidi.

Juzi shemeji alipiga kuuliza kama kifaa kinafanya kazi. Nikamwambia kinashuka na kabichi kutoka Kibumba kila asubuhi, na hakijamwangusha mtu.