Makosa Tisa ya Kumjengea Kobe Nyumba Sebuleni, Kuanzia Dogo

Mhusika wetu ni kobe wa maji baridi mwenye mstari mwekundu nyuma ya kila jicho. Asili yake ni bonde la mto Mississippi, na leo ni mmoja wa kobe wanaofugwa zaidi duniani. Akitoka kwenye yai anakaa kiganjani na nafasi inabaki. Mtoto wa Mswahili aliyeko Minneapolis au Houston humwona, humpenda, huomba. Mzazi naye hupiga hesabu: habweki, hakwaruzi makochi, hahitaji kutembezwa kwenye theluji. Haya, mchukue.

Hesabu hiyo ina mapengo, nasi tutayahesabu kurudi nyuma, tukianza na la kuchekesha.

9. Mnazi wa plastiki

Miaka ya 1950 na 1960 Wamarekani waliuza vitoto vya kobe pamoja na bakuli la plastiki lenye kisiwa katikati na mnazi mmoja juu yake. Mnazi, kwa mzaliwa wa Mississippi! Wengi wa kobe hao walikufa kabla ndugu wawili hawajakubaliana jina la kuwapa. Na kilichobana biashara ile hakikuwa huruma. Watoto waliwatia kobe mdomoni, wakaambukizwa salmonela, na mwaka 1975 ikapigwa marufuku kuuza kobe mwenye gamba lisilofika inchi 4, yaani kama sentimita 10. Sheria iliacha mlango kwa ajili ya elimu na utafiti, ndiyo maana wauzaji wa ufukweni bado wanapata wateja ambao, kwenye karatasi, ni watafiti wa miaka sita.

Salmonela haijaenda popote. Nawa kwa sabuni kila ukimshika, na vyombo vyake usivioshee kwenye sinki la jikoni.

8. Changarawe za rangi

Zinapendeza sana. Naye anazipenda hivyohivyo, kwa kuzimeza. Acha sakafu ya tangi wazi, au weka mawe makubwa kuliko kichwa chake. Hana mpango wa kupiga picha humo ndani.

7. Kudhani kwamba kobe hatoroki

Aliyemshinda sungura kwa sababu mwenzake alilala hashindwi kukutoka wewe uliyelala. Huyu hupanda: atakanyaga bomba la chujio, atakanyaga hita, atajivuta hadi ukingoni, kisha utasikia kishindo sakafuni saa nane za usiku. Maji yawe chini sana ya ukingo, na juu weka wavu wa chuma. Kioo hakifai kuwa kifuniko, na sababu yake tutaikuta kwenye namba mbili. Taa nayo ifungwe kwa mnyororo au waya imara. Balbu ya moto ikiangukia majini, nyumba nzima itajua.

6. Hita bila themometa

Maji yawe nyuzi 24 hadi 27 hivi za Selsiasi. Kitoto kinataka joto la upande wa juu. Hita ya kioo ivikwe kizuizi cha plastiki, maana kobe huigonga kama mlango wa mdaiwa wake. Akianza kuelea ameinama upande mmoja, au akipumua mdomo wazi, usingoje kesho. Hiyo huenda ni nimonia, na dawa yake ni daktari wa mifugo anayejua wanyama watambaao. Majani ya mwarobaini mwachie bibi.

5. Kumwonea huruma akiomba chakula

Huomba kila anapoona mtu. Hupiga mbio kwenye kioo, hunyoosha shingo, hukukazia macho kama hajala tangu Ramadhani iliyopita. Usidanganyike. Mdogo ale kila siku, mkubwa kila baada ya siku mbili au tatu, na punje za dukani zisizidi kiasi ambacho kingejaa kichwa chake, kama kichwa hicho kingekuwa kitupu.

Akikua, sehemu kubwa ya chakula chake iwe majani, na hapa Mswahili ana bahati. Sukuma wiki inamfaa kabisa, tena ina kalsiamu nyingi. Mchicha na spinachi ni vya kuonja tu kwa sababu asidi ya oksaliki iliyomo huifunga kalsiamu isitumike mwilini. Ile saladi nyeupe ya mviringo ni maji yaliyokunjwa. Ugali, hapana. Mkate, hapana. Chipsi, nani kakuambia?

Mpe chakula majini, kwa sababu kobe wa aina hii hawezi kumeza akiwa pakavu. Wengine humlisha kwenye beseni la pembeni ili tangi lisichafuke. Kazi inaongezeka, lakini kwa nyumba yenye chujio dogo ningeifanya bila kulalamika.

4. Tangi la "akikua tutaona"

Atakua. Jike hufika sentimita 25 na zaidi. Kanuni ya wafugaji ni galoni 10 kwa kila inchi ya gamba, kama lita 38. Fanya hesabu ya jike huyo: takriban lita 380, na maji peke yake yana uzito wa kilo 380, kabla hujaongeza kioo na meza. Kama unaishi ghorofa ya tatu, muulize mwenye nyumba sasa, usisubiri jirani wa chini aje kuuliza.

Wanaojua hawanunui kioo cha bei ya gari bovu. Huenda duka la wakulima kununua hori la plastiki la kunyweshea ng'ombe. Lina ujazo mkubwa, halipasuki, na bei yake haikutoi machozi. Mgeni kutoka nyumbani atauliza ng'ombe yuko wapi, lakini mgeni huondoka. Kina kiwe angalau mara moja na nusu ya urefu wa gamba, kwa maana huyu ni mwogeleaji. Usimfanyie hivyo kobe wa nchi kavu, atazama. Na aliyeko Arusha au Naivasha asiende kuokota kobe porini akajaribie haya: wanyamapori wana sheria, na kibali hakitolewi kwa kumwokota.

3. Maji yanayoonekana masafi

Kobe anakula ndani ya maji, analala ndani ya maji, na choo chake ni hichohicho. Kinyesi na mabaki hutoa amonia, ambayo ni sumu na haionekani kwa macho. Maji yanaweza kung'aa huku yanamuunguza ngozi na macho.

Wanaomwokoa ni bakteria. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, iliyo na madhara madogo, na hiyo unaitoa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huishi hasa kwenye sponji na vipande vya ndani ya chujio, na huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Ndiyo maana mfugaji mpya hulalamika kwamba mwezi wa kwanza ulimshinda: amefungua kiwanda, wafanyakazi hawajaripoti.

Halafu ndipo anakuja yule ndugu msafi. Kila familia ina wake. Jumamosi anatoa kila kitu, anasugua sponji chini ya bomba, anatia na jiki kidogo. Klorini imeua wafanyakazi wote, na kiwanda kimerudi siku ya kwanza. Sponji suuza kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini, basi. Badilisha robo ya maji kila wiki, na maji mapya ya bomba yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Ukinunua chujio, soma lita zilizoandikwa kwenye boksi halafu usiziamini: aliyeziandika alikuwa anawaza samaki. Chukua lenye uwezo wa mara mbili au tatu ya maji yako.

2. "Tumemweka dirishani apate jua"

Kauli hii imepinda magamba mengi. Gamba ni sehemu ya mifupa yake, limeungana na uti wa mgongo na mbavu, na mifupa hiyo inahitaji kalsiamu. Kalsiamu haifyonzwi vizuri bila vitamini D3, na D3 hutengenezwa ngozini kwa mionzi ya UVB. Kioo cha dirisha huzuia karibu mionzi hiyo yote. Kinapitisha joto na mwanga vizuri sana, kwa hiyo kobe wako anaota kitu kinachofanana na jua huku gamba linalainika. Dar es Salaam angetolewa uani asubuhi, kivuli kikiwepo, na bili ingekuwa sifuri. Januari ya Minnesota lazima jua linunuliwe.

Linanunuliwa mara mbili: taa ya UVB, na taa ya joto inayofikisha jukwaa la kuotea jua nyuzi 30 hadi 35. Jukwaa liwe kavu kabisa, akipanda hata tumbo lisiguse maji, la sivyo gamba huoza. Umbali wa taa soma kwenye boksi, na hapa boksi liamini. Ziwake saa 10 hadi 12 kwa siku, kwa soketi yenye saa inayowasha na kuzima yenyewe, maana mtoto aliyeahidi kuziwasha ana mtihani, ana mpira, ana simu.

Na hila ya mwisho: balbu ya UVB huendelea kuwaka vizuri muda mrefu baada ya UVB yenyewe kwisha. Nyingi hubadilishwa kila baada ya miezi sita hadi kumi na mbili. Bandika karatasi yenye tarehe kwenye waya wake.

1. Bwawa la bustani ya mtaa

Kobe huyu huishi miaka 20 hadi 40. Mtoto aliyemtaka ataenda chuo, ataoa, na mama ndiye atakayebaki na hori. Wengi hapo ndipo hukumbuka bwawa la karibu, lenye bata na maua, wakasema wanampa uhuru.

Uingereza walimpa uhuru huo kwa wingi baada ya katuni za kobe wanne wa ninja kuvuma mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mabwawa ya London yakapata wakazi wasiotarajiwa. Leo kobe huyu yumo kwenye orodha ya spishi vamizi 100 mbaya zaidi duniani, kwa kuwanyang'anya kobe wenyeji chakula na mahali pa kuota jua. Umoja wa Ulaya umezuia kumuuza na kumzalisha tangu 2016; aliyekuwa naye kabla ya hapo anaruhusiwa kukaa naye hadi mnyama afe, mradi hatoroki wala hazai. Rudi namba saba.

Ukishindwa, piga simu kituo kinachopokea watambaao walioachwa. Na kama bado hujanunua, anzia hukohuko. Vituo vingi vimejaa kobe waliokwisha kukua, ukubwa wake unauona siku hiyohiyo, na mara nyingine anakuja na chujio lenye bakteria wake tayari kazini.