Sifa za Shifti ya Usiku

Shifti ya usiku haina wakili Mathare. Mabatini wanailaani, Kosovo wanailaani, na mke wa soja anailaani kuliko soja mwenyewe. Mimi ni mlinzi wa lango la ghala huko Indaa, yaani Industrial Area, naingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, na ninaisifu mbele ya yeyote atakayenisikiliza. Kwa mtu aliyevuka miaka arobaini na bado anataka kushindana kwa baiskeli, sijaona kocha wa kuifikia.

Ninaposema kushindana nina maana ya mbio za uwanjani, zile za velodromu. Njia yake huwa ya mbao, mzunguko mmoja mita 250, kona zimeinuliwa hadi mgeni anaogopa kuzipanda. Baiskeli haina breki wala gia za kubadilisha, na pedali hazitulii maadamu gurudumu linazunguka. Wakongwe huanza kuhesabiwa kuanzia miaka 35, kisha hupangwa kwa rika la miaka mitano mitano, kwa hiyo mzee wa miaka 57 hapambanishwi na kijana wa 36. Mbio zao nyingi huisha kabla ya dakika tano. Nairobi hatuna uwanja wa namna hiyo. Barani Afrika vimejengwa Cairo, Abuja, na Bellville kule Cape Town. Lakini mazoezi hayangoji mbao. Yanataka miguu inayotoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, na mwili unaopewa nafasi ya kupona.

Hayo mawili ndiyo ambayo shifti ya usiku hutoa, tena kwa ratiba ambayo huwezi kuikwepa.

Misuli ya binadamu huwa na nguvu zaidi kuanzia alasiri hadi mapema jioni, wakati joto la mwili liko juu. Mfanyakazi wa mchana saa hizo amebanwa ndani ya matatu, au ndio kwanza anafunga hesabu. Mlinzi wa usiku anatoka nyumbani akiwa amelala, amekula, mwili uko tayari. Naitoa baiskeli yangu ya Black Mamba, nashika Juja Road kwa utaratibu kwa sababu makanga hawana simile, na pale raundabauti ya Kariobangi nakata kulia niingie Outer Ring. Barabara hii ilipopanuliwa iliwekewa njia ya baiskeli kando na madaraja ya waenda kwa miguu juu yake. Madaraja hayo ndiyo yanayonipimia kazi. Chini ya moja nasimama kwenye pedali na kusukuma kwa nguvu zote hadi kifua kiwake. Nikipata umbali wa kutosha naachia, naenda polepole hadi daraja linalofuata, pumzi ikirudi. Kisha tena. Nikifika Mutindwa wachuuzi wamejaa njia, kwa hiyo hapo ni kupumzika tu. Hakuna mazoezi yanayostahili kumwangusha mama mwenye karai la nyanya.

Baiskeli yenyewe inasaidia. Ni ya chuma, nzito, ina gia moja, na anayeiondoa kutoka kusimama hadi kasi anafanya kazi ileile ambayo mkimbiza baiskeli wa uwanjani huifanya anapoanza. Mtu wa umri wetu misuli humponyoka asipoidai. Ndiyo maana usiku, nikimaliza kuzunguka ua, huchuchumaa na kuinuka mara nyingi kando ya lango. Usingizi unakimbia, na mapaja yanapata haki yao.

Asubuhi shifti inageuza somo. Alfajiri joto la mwili hushuka kabisa, na aliyekesha miguu yake haina cha kutoa. Narudi Mathare taratibu, kwa mwendo ambao ningeweza kuzungumza na mtu njia nzima. Zamani niliona safari hii ya kurudi kuwa hasara. Sasa naiona kuwa ndiyo dawa, kwa sababu kosa linalowamaliza wakongwe wengi ni kutaka kuumia kila siku. Shifti haikuruhusu.

Mfano wa hilo alikuwa Mfaransa mmoja, Robert Marchand, aliyewahi kuwa zimamoto. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, aliendesha kilomita 24.25 kwa saa moja katika velodromu ya Aigle, Uswisi. Mwaka 2014, akiwa na miaka 102, alifika kilomita 26.927. Alikuwa ameongeza! Watafiti waliomfuatilia, akiwemo Véronique Billat, walieleza kwamba takriban asilimia 80 ya mazoezi yake yalikuwa mepesi na asilimia 20 yalikuwa ya kujikamua, na kwamba uwezo wa mwili wake kutumia oksijeni ulipanda katika umri huo. Nikisoma hesabu hiyo naiona barabara yangu: madaraja machache jioni, na kilomita zote zilizobaki ni za upole.

Sifa zangu zina mpaka, na nautaja bila kuona haya. Shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka kazi ya usiku, mwaka 2007 na tena 2019, katika orodha ya mambo yanayoelekea kusababisha saratani. Kwa hiyo shifti isifiwe na anayelala. Katika nyumba ya mabati, jua la saa tano likichoma na fundi wa kuchomelea akiwa mlango wa pili, kulala ni kazi inayotaka bidii kama kuendesha. Blanketi kwenye dirisha, simu mbali, na majirani kuelezwa kwa heshima. Siku ya mapumziko ambayo Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kila mfanyakazi katika kila siku saba nayo isiuzwe kwa ovataimu. Siku hiyo baiskeli inalala pia.

Tukishalala hivyo, kilichobaki ni mbio zenyewe. Kenya ndiko alikozaliwa Chris Froome mwaka 1985, na ni David Kinjah, huko Kikuyu, aliyemfunza baiskeli kabla hajashinda Tour de France mara nne. Jirani yetu Kigali aliandaa mashindano ya dunia ya barabarani Septemba 2025. Hatukosi wa kutuandalia mbio. Basi ninyi mnaoziandaa Nairobi, tuwekeeni rika la miaka 35 kwenda juu, mzunguko mfupi kwenye lami iliyofungwa, na Black Mamba ziruhusiwe. Na msituanzishe saa moja asubuhi, wakati nusu yetu ndio tunakabidhi funguo za lango. Tuiteni saa kumi jioni, tutakuja tukiwa tumelala.