Utangulizi wa Elimuyumbo: Benchi la Seremala Linalofumuliwa

Fungua daftari, mwanafunzi, na uandike tarehe. Wenzako katika vitivo vingine wanasoma sheria, udaktari na uhandisi wa mafuta, nami nawaombea dua. Wewe umebahatika kuletwa kwenye taaluma inayozibeba zote hizo mgongoni, kwa kuwa hakuna mahakama isiyo na meza, wala hakuna meza ambayo haikuzaliwa juu ya benchi la seremala.

Tuanze na fasili, na uinakili kama nilivyoitamka. Benchi fumukivu ni samani mama yenye miguu, isimamayo wakati wa kazi kana kwamba imeota mizizi, na ikubaliyo kuwa mzigo siku mwenye fremu anapotaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Sehemu ya kwanza ya fasili inaitwa usimamifu, ya pili inaitwa utengukifu. Historia yote ya binadamu ni mvutano baina ya hizo mbili.

Uwanda wetu wa utafiti ni Keko, Dar es Salaam, ambako mafundi seremala wamepanga makabati na vitanda hadi kandokando ya barabara. Mbinu ya kukusanya data ni ushuhudiaji-mwegemeo: mtafiti anaegemea benchi la fundi na kusubiri aambiwe aondoke.

Sasa usuli. Tapo kongwe ni la Benchi Sugu. Msemaji wake mkuu ni André Jacob Roubo, seremala wa Paris aliyeanza kuchapa kitabu chake kikubwa cha useremala mwaka 1769. Benchi lake lina uso mnene wa gogo, na ndimi za miguu zimepenyezwa usoni moja kwa moja hadi vichwa vinaonekana juu. Ni kazi ya kutukuka. Inamfaa mtu ambaye dalali hajawahi kumgongea mlango.

Tapo la pili ni la Benchi Kunjukivu. Hapa tunakutana na Ron Hickman, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Uingereza na kusanifu gari la Lotus Elan. Mwaka 1961 alikuwa akitengeneza kabati, kiti kikiwa ndicho benchi lake, msumeno ukapitiliza ukakikata na kiti. Msiba huo ukamzalisha benchi la kukunja. Makampuni kadhaa yalimkatalia, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 Black & Decker wakaanza kuliuza kwa jina la Workmate, na likanunuliwa kwa mamilioni. Taaluma inamheshimu Hickman. Hata hivyo, anayechanganya kunjukivu na fumukivu kwenye mtihani wangu atarudia mwaka. Kunjukivu ni kitu kimoja hata kikiwa bapa. Sisi wa pwani tunakijua tangu zamani: mbuzi ya kukunia nazi hukunjwa ikaegemezwa ukutani, na marufaa ya kuwekea msahafu huchongwa kwa ubao mmoja uliopishana bila bawaba hata moja. Vifumue uone kama utapika wali wa nazi.

Benchi fumukivu, kwa upande wake, hufa. Linakoma kuwa benchi, linakuwa vipande sita na kabari nne, kisha linafufuka Mbagala. Ndiyo maana nimekuwa nikisisitiza, ingawa kitivo cha falsafa hakinijibu barua, kwamba somo hili lilipaswa kuwa kwao.

Sura ya pili: yumboanuwai. Yumbo ni mwendo wa benchi usioombwa na fundi. Ziko aina nne.

Aina ya kwanza, yumbo-sakafu. Mguu mmoja unaning'inia kwa sababu sakafu ilimwagwa na mtu mwenye haraka. Dawa yake ni kipande cha boksi. Tusipoteze wino.

Aina ya pili, yumbo-mkingamo, ni la upande ule mfupi. Mwanafunzi makini hukutana nalo mara chache, kwani miguu miwili ya kila ncha huunganishwa kwa gundi daima dawamu, haifumuliwi kamwe. Jozi moja ya miguu hubebeka begani kama ilivyo, sasa uifumue ili iweje? Kuna wanaofumua kila kitu hadi kwenye nyuzi za mbao. Hao si wanafunzi wangu.

Aina ya tatu, yumbo-randa, ndiyo roho ya somo. Randa husukuma benchi kwa urefu, mkono ukirudi benchi nalo linarudi. Kijiometria, uso, reli na miguu ni mstatili, na mstatili ulioshikwa kwa nukta moja kila pembe hulala ukawa msambamba bila hata kuomba radhi. Pembetatu hailali, kwa hiyo wapo wanaopigilia mbao ya mshazari nyuma na kufunga mjadala. Lakini mbao hiyo huzuia kuhifadhi vitu chini ya benchi, na huwa ya kwanza kusahaulika kwenye nyumba ya zamani. Shule yangu inafundisha reli pana. Chukua mbao ya mbili kwa sita badala ya mbili kwa tatu. Bega la reli, yaani ile sehemu inayogota kwenye mguu, hukandamiza juu na kukandamiza chini, na umbali kati ya hapo na hapo ndio wenzo wako. Upana ukiongezeka maradufu, wenzo nao unaongezeka maradufu. Ulimi unaoingia kwenye tundu kazi yake ni kuonyesha njia tu. Bega ndilo linalopigana. Kwa hiyo bega likikatwa kombo, hata ukikaza kwa nguvu za ng'ombe, yumbo-randa litakaa nawe kama mpangaji mwenzio.

Aina ya nne ni yumbo-sauti, ambalo husikika bila kuonekana. Lina matawi mawili: lile linalosikiwa na fundi, na lile linalosikiwa na mteja. La pili ni ghali zaidi.

Sura ya tatu ni ya kiungo, na hapa ulimwengu umegawanyika katika madhehebu mawili.

Wananati hupitisha bolti ya milimita 12 kwenye mguu hadi ndani ya reli, kwenye kidirisha walichokichimba ubavuni, na humo nati inakaa ikisubiri. Spana namba 19, mizunguko michache, bega limegota. Mbao ikikauka na kusinyaa, unakaza tena. Sharti lao ni washa pana, la sivyo kichwa cha bolti kitazama kwenye paini ya Mafinga kila wakikaza, hadi siku moja kitokee upande wa pili. Ni madhehebu yenye nidhamu na sina ugomvi nayo, isipokuwa kwenye swali la kuwepo kwa nati. Nati isiyoonekana ina hali tatu. Kwanza, nati iliyoanguka: ipo kwenye maranda, na itapatikana kwa sumaku au kwa unyayo. Pili, nati iliyoazimwa: ipo, ila ipo kwa jirani, na kisheria umiliki wake umekuwa wa mashaka. Tatu, nati iliyohifadhiwa mahali pazuri. Hii haijawahi kurudi, na mtu akikuambia ameiweka vizuri kabisa, nenda moja kwa moja dukani.

Wanakabari hawanunui chochote. Ulimi wa reli hutoboa mguu wenye unene wa inchi 4 na kutokeza upande wa pili inchi 4 nyingine, na kwenye huo mtokezo hutobolewa tundu la wima linalopokea kabari. Sogea karibu uone, maana hapa ndipo wengi hufeli. Ukuta wa ndani wa tundu la kabari usiishie pale uso wa mguu unapoishia. Uingie ndani ya mguu kama milimita 3 hivi. Ukiukata sambamba na uso wa mguu, kabari itaubana ulimi wenyewe badala ya kuuvuta, fundi atagonga hadi jioni na bega litamkodolea macho. Ukiuingiza ndani, kabari inaegemea mguu upande mmoja na ulimi upande mwingine, na kila pigo la nyundo ya mbao linaivuta reli. Mteremko wa kabari uwe inchi 1 kwa kila inchi 8. Ukiwa mkali zaidi inaruka yenyewe, ukiwa mpole zaidi haitoki wakati wa masika. Mtokezo nao usiwe mfupi, maana nyuma ya kabari pasipobaki nyama ya kutosha, ulimi utapasuka kwa kufuata nyuzi zake. Na kwa kuwa kabari imesimama wima, kila mtikisiko wa kazi unaishusha. Kadiri fundi anavyopiga randa ndivyo benchi linavyojikaza. Wananati wakisomewa aya hii huwa wanaangalia saa.

Kuhusu uso wa benchi nitakuwa mfupi. Paini ya urefu wa futi 6, upana wa futi 2 na unene wa inchi 3 ina uzito wa kilo 40 hivi, nao ni uzito mwema: ndio unaolikalisha benchi chini. Upasue katikati kwa urefu uwe mbao mbili, kila moja ibebwe na mtu mmoja mwenye mgongo wa wastani. Usiupigilie misumari. Mbao hunenepa kwa upana wakati wa mvua na kukonda kiangazi, kwa urefu haibadiliki kiasi cha kuonekana; basi kila nusu ishikwe kwa chango mbili upande wa mbele tu, na chango za nyuma zitobolewe matundu marefu ya kutembelea. Aliyepuuza aya hii atajifunza kwa mlio.

Sura ya mwisho, upakiaji kwenye kirikuu. Nusu mbili za uso hutangulia, zikilala chini. Juu yake jozi za miguu, kichwa kwa unyayo. Reli huingia ubavuni. Kabari hurudishwa kwenye matundu yake na kufungwa kwa mpira wa tyubu, kila moja na namba yake, kwani kabari namba 2 ikiingia tundu namba 3 yumbo-sauti halikwepeki. Jiriwa hupakatwa na fundi mwenyewe kiti cha mbele. Nyundo ya mbao hupakiwa mwisho kabisa, mlangoni, ili ishuke ya kwanza. Wapo waliobobea kwenye sura zote zilizotangulia wakaiweka nyundo chini ya godoro, wakafika saa mbili usiku, na benchi wakaligonga kwa kinu cha mama mwenye nyumba mpya. Kinu ni somo la muhula ujao.